Tandiko la Machepele

Nina nyumbu Machepele,
mwenye masikio tele,
akilia, ni kelele
kote hapa Kangagani.

Babake punda kirongwe,
mama farasi mkongwe,
walijuana kwenye ngwe
ya mihogo ya jirani.

Mimi ni mchanja kuku,
natembea kila siku,
chanjo imo kisanduku,
vilima hadi bondeni.

Pikipiki haipiti,
njia ni mizizi, miti,
mvua ikija hupati
pa kukanyaga njiani.

Nilianza na gunia
la usumba, nakalia;
nikishuka, huachia,
hunibwaga mihogoni.

Tandiko la kiplastiki,
nusu bei, nusu laki;
mwezi wa pili, mikiki,
likapasuka kitini.

Ufa ulifinya paja,
nikashuka kwa viroja,
watoto wote pamoja:
“Bi Mize, umefanyani?”

Unguja nikaambiwa
lipo la kuchaguliwa,
ngozi iliyonakshiwa,
kwa tajiri, Darajani.

Akanitajia bei,
kichwani haielei,
nikilia, halegei.
Kwani ni mahari, kwani?

Tena lilikatwa pana,
la farasi wa ungwana,
naye nyumbu amebana
kama mlango wa ndani.

Nikarudi kwetu Pemba,
nikashika tena kamba
na gunia la usumba.
Akanambia jirani:

“Wamjua Mkadamu,
fundi wa viatu, humu?
Hushona hata magumu.
Utamkuta Limbani.”

Nikamkuta mfupi,
mdomoni ana pipi,
hakuuliza ni vipi,
wala pesa mkobani.

Alisema, “Nipe nyumbu,
wewe kaa hapa, umbu;
mgongo ni kumbukumbu,
makalio yana nini?”

Akauchukua waya,
akaukunja kwa haya,
ukafata kila aya
ya mifupa mgongoni.

Akakiona kidonda,
plastiki lilipopanda,
damu chini imeganda.
Sikujua kiko ndani.

Mie nalilia paja,
nyumbu hakusema moja,
kaumia, akangoja,
macho kayatupa chini.

Msemo una mahala:
kitanda nisicholala,
nikisifu sana, wala
sitawajua kunguni.

Tulingoja wiki sita
nikimpaka mafuta;
na kuku, nikawafata
kwa miguu, matopeni.

Mbao yake mfenesi,
hailiwi kwa wepesi,
mchwa huona najisi,
wakaenda majaani.

Ngozi katia mkoko,
mwezi akoroga mwiko,
harufu ni kama soko
la pweza walo juani.

Sufi, asema, hulala;
usumba una madhila;
akachanganya kwa hila
viwili, blanketi chini.

Malipo ni kwa awamu,
karafuu za msimu,
na kuku za Mkadamu
nachanja bure bandani.

Ukijumlisha yote,
ngozi, kazi, na chochote,
hazifiki robo, zote,
ya bei ya Darajani.

Sura yake ni ya chura,
halina njumu kung'ara,
likenda lalia, kra-kra,
kama kitanda chumbani.

Mvua tatu za masika
zimepita, limeshika;
uzi haujafumuka
hata mmoja, pembeni.

Zamani nikilileta
tandiko, akiniteta,
meno nje, akinivuta
hadi kule ukutani.

Sasa hupindisha shingo,
hajivimbishi kwa ringo,
hungoja wangu mpango,
nikaze kamba tumboni.

Usiku, tandiko huku,
juu yake mama kuku:
yai moja kila siku
huliachia kitini.

Asubuhi, kabla chai,
kwanza nalitoa yai,
na nyumbu ananidai:
“Twende zetu, kuna nini?”